Mwachishe Polepole, Mwanangu

Mwanangu, umeniuliza utamwachishaje mtoto ziwa, na umetaka jibu la kuondoka nalo sasa hivi, maana wiki ijayo unataka kurudi kwenye biashara yako Fungurume. Nitakujibu. Lakini kaa kidogo, jibu lenyewe haliendi mbio.

Usimwondolee titi kabla hujaweka kitu mahali pake. Hilo ndilo neno langu. Kwanza azoee chakula. Azoee mikono ya mtu mwingine. Azoee kulala bila kunyonya. Kimoja kimoja, halafu titi liondoke mwisho. Ukilitanguliza titi kuondoka, mtoto ataumia na wewe utaumia. Nayasema haya kwa sababu mimi nilianza na titi.

Kifungua mimba wangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa niliposhika mimba nyingine. Siku hizo hapa Lubudi wengi waliamini, na wapo wanaoamini mpaka leo, kwamba mwanamke akiwa na mimba maziwa yake yanaharibika, yanamdhuru anayenyonya. Nilisikia hivyo kwa majirani. Nikasikia kwa mama mkwe. Sikumwuliza mganga hata mmoja. Nikaponda pilipili, nikapaka kwenye chuchu. Mtoto alikuja kama kawaida yake, akaweka mkono wake kifuani pangu, akavuta mara moja. Alilia kilio ambacho sikuwa nimekisikia kwake. Kisha akafanya jambo lililonichoma kuliko kile kilio. Alinirukia shingoni nimbembeleze. Hakujua kuwa mimi ndiye niliyemfanyia.

Sikukoma hapo, mwanangu. Watu walisema akikaa mbali atasahau upesi. Akapelekwa kwa treni mpaka Luena, kwa nkambo wake. Na kweli alisahau. Aliporudi hakunijua mara moja, alisimama nyuma ya kikwembe cha nkambo akinitazama. Miguu yake ilikuwa imevimba. Ukibonyeza kwa kidole, kishimo kinabaki. Nywele zilikuwa nyembamba, zimegeuka rangi, zinang'oka kwa kuguswa tu. Mashavu yalikuwa yamejaa, hata jirani mmoja akasema mtoto amenenepa kwa nkambo wake. Lakini hakucheka. Ulimwonyesha embe, akaligeuzia uso.

Nkambo wake hakumnyima chakula, naomba ulielewe hili. Alimpa bukari na mchuzi wa sombe, kile kile alichokula yeye. Mtoto alishiba kila siku. Alishiba unga. Tukamlaza hospitali, wakamlisha maziwa kidogo kidogo, mchana na usiku, na namshukuru Mungu alipona. Leo ana watoto wake. Lakini mimi ule uso wake wa siku ya treni ninao.

Ugonjwa ule unaitwa kwashakoo. Mwaka 1933 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, aliandika habari zake baada ya kuwatibu watoto kule Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Aliona kwamba waliopatwa walikuwa watoto walioachishwa ziwa, mara nyingi kwa sababu mdogo wao yuko njiani au ameshazaliwa, wakabaki na chakula cha mahindi matupu. Wataalamu waliokuja baadaye wameonyesha kuwa ugonjwa huo una sababu zaidi ya moja, na kuhara mara kwa mara kuna sehemu yake. Lakini sura aliyoichora miaka ile ndiyo niliyoiona nyumbani kwangu, kilomita maelfu kutoka huko. Nchi ya mahindi, mimba mpya, mtoto ameondolewa titi kwa siku moja.

Na mimi sikutoka salama. Nilikaza kikwembe kifuani nikidhani maziwa yatakauka kwa kubanwa. Ziwa la kushoto likawa gumu, likawa jekundu na la moto, nikapata homa ya kutetemeka. Likaota jipu. Walilipasua. Ningekuwa nimepunguza taratibu, mwili ungepata habari mapema, ungepunguza maziwa wenyewe. Titi hutengeneza kadiri linavyonyonywa. Mtoto akivuta kidogo, kesho linaleta kidogo. Halijui kukata ghafla.

Tuje kwako sasa. Mwanao ana umri gani? Kama hajafika miezi sita, tusizungumze kuachisha. Miezi sita ya kwanza ni titi peke yake, hata maji ya kunywa hahitaji, hata kwenye joto letu la mwezi wa kumi. Maziwa yako yana maji ya kumtosha. Baada ya hapo anaanza chakula huku ananyonya, na Shirika la Afya Duniani linashauri aendelee kunyonya mpaka miaka miwili na zaidi. Kwa hiyo hata akiwa wa miezi minane, nawe unataka kumwachisha kwa ajili ya biashara, bado hajafika.

Nkambo zetu walijua hivyo bila kuandikiwa. Mtoto alinyonya miaka miwili, wengine mitatu. Mume na mke walikaa mbalimbali wakati huo, ili mimba isije mapema ikamnyang'anya mtoto maziwa. Waliopo leo wanaiona kama mila ngumu, na kwa wanawake wengi ilikuwa ngumu kweli, kwa sababu mume alitafuta nyumba nyingine. Lakini ilimpa mtoto muda.

Kisha ikaja kampuni ya migodi. Miaka ya 1920 ikielekea mwisho, Union Minière ilichoka kuleta wanaume kutoka mbali kila mara wafanye kazi na kurudi kwao. Ikaamua wakae kambini na wake zao, wazae, na watoto wakue wakiwa wafanyakazi wa kesho. Daktari wa kampuni, Léopold Mottoulle, alikuwa kati ya walioisimamia siasa hiyo. Mama alipimiwa mtoto wake, watoto walipewa uji na chakula cha kampuni, na masista waliwafundisha wanawake malezi. Kule ng'ambo ya kambi palikuwa na vifo vingi vya watoto, na ndani ya kambi uzito na chakula viliwaokoa wengi. Siwezi kukataa hilo. Lakini lengo halikuwa mtoto peke yake. Mama akiachisha mapema na kurudi kwa mumewe mapema, alizaa tena mapema, na mgodi ulipata mikono. Mimba zikakaribiana.

Haya si mambo ya zamani yasiyotuhusu. Union Minière ikataifishwa, ikawa Gécamines, na posho ya unga iliendelea kuingia nyumbani. Mgodi wa Kamoto ulipoporomoka mwaka 1990 na kampuni ikaanguka katika miaka iliyofuata, posho ilikatika. Uji wa kampuni ukaondoka. Desturi ya kuachisha mapema ikabaki. Tulibaki na nusu ya jambo, na nusu iliyobaki ndiyo mbaya. Ndiyo maana nakasirika nikisikia msichana anaambiwa kunyonyesha mpaka miaka miwili ni ushamba wa kijijini.

Utaniambia, sasa biashara nitaifanyaje. Mwanangu, kurudi kazini na kuachisha ni mambo mawili. Nani alikuambia ni moja? Wapo wenzako wanaokwenda kusafisha mawe ya shaba na kobalti, wanawaacha watoto wa miezi mitano na uji wa sukari kwenye chupa. Wengine wanawabeba mgongoni mpaka kwenye vumbi lile. Yote mawili usiyafanye. Alfajiri mnyonyeshe mpaka atosheke. Kisha nawa mikono kwa sabuni, kamua maziwa kwenye kikombe kilichochemshwa, kifunike, kiweke mahali pa baridi kivulini. Anayebaki naye ampe katika saa chache zinazofuata, kwa kikombe au kijiko. Chupa iache, shingo yake haioshwi ikatakata, na hapo ndipo kuhara kunapoanzia. Mchana ale uji wake. Jioni ukirudi, kabla hujawasha mbabula, kaa chini umnyonyeshe. Usiku mnyonyeshe. Mtoto anayenyonya alfajiri, jioni na usiku ni mtoto anayenyonya. Hujamwachisha.

Chakula chenyewe ndicho nitakachokaa nacho zaidi, kwa sababu hapo ndipo nilipopotea mimi, na hapo ndipo kazi yote ilipo.

Uji wa unga mtupu ni maji yaliyopakwa rangi. Tumbo la mtoto ni dogo, linajaa haraka, na ukilijaza maji halina nafasi tena. Uji unaofaa unakaa kwenye kijiko ukikiinamisha, haumwagiki. Kwa mafungu matatu ya unga wa mahindi weka fungu moja la karanga zilizokaangwa kidogo na kupondwa laini. Chagua karanga, zenye ukungu tupa, usizihurumie kwa kuwa umezinunua. Ndagala wakavu wasafishe mchanga, wakaange bila mafuta mpaka wakauke kabisa, uwaponde kwenye kinu, uwachunge. Unga ule wa ndagala uweke kwenye kopo lenye kifuniko. Kijiko kimoja kwenye uji wa mtoto kila siku, na kijiko kidogo cha mawese. Uji unabadilika, unakuwa wa njano iliyokolea, na harufu yake nyumba nzima inaijua. Ukipata yai, lipige ndani uji ukiwa unachemka. Soya ukiipata ni nzuri, ila ikaange vizuri kabla ya kuisaga.

Utaona uji mzito namna hiyo mtoto mdogo unamshinda, anautema. Usikimbilie kuongeza maji. Wanawake wetu wanajua kimea cha pombe, sasa kitumie kwa mtoto. Loweka mahindi usiku mmoja, yafunike kwa kitambaa kibichi mpaka yatoe mizizi, yaanike juani yakauke kabisa, yasage. Pika uji wako mzito, uondoe motoni, uache upungue joto kidogo mpaka uache kutokota. Tia kijiko kidogo cha unga wa kimea, koroga. Simama hapo utazame. Katika dakika chache uji unalegea mbele ya macho yako, mwiko unaanza kuzunguka bila nguvu, na hujaongeza hata tone la maji. Nguvu yote ya unga iko ndani. Urudishe motoni uchemke tena, kisha mpoozee mtoto. Mahindi yakiota ukungu badala ya mizizi, yote ni ya kutupa.

Akifika miezi tisa anaanza kula mnachokula. Bukari laini, sombe iliyopondwa na karanga, lenga-lenga, samaki aliyeondolewa miiba, maharage yaliyochujwa maganda. Mpe kwenye sahani yake mwenyewe. Akila kwenye sahani moja na kaka zake, mikono yao mirefu itamaliza samaki, yeye atabaki na bukari. Kati ya miezi sita na minane, mara mbili au tatu kwa siku. Kuanzia tisa, mara tatu au nne, na katikati umtilie papai, ndizi au embe. Na uvumilivu. Mtoto anayefundishwa kula hutema, humwaga, hugeuza kichwa. Hajakataa. Anajifunza ulimi. Rudi kesho na chakula kile kile.

Hapo sasa, akiwa na mwaka na nusu, miaka miwili, anakula sahani yake na kuitafuta, hapo ndipo tunaweza kuanza kupunguza titi. Na si kwa kalenda tu. Usianze mtoto akiwa na homa au anaharisha. Usianze mkiwa mnahama, wala wiki ambayo mdogo wake amezaliwa. Na usianze mvua ikiwa imekaa. Huku kwetu inaanza mwezi wa kumi mpaka wa nne, malaria inapanda, maji yanachafuka, na kati ya mwezi wa kumi na mbili na wa pili ghala za wengi zimekauka. Mtoto akiugua wakati huo, titi ndilo chakula pekee ambacho hatakikataa. Ngoja kiangazi. Mwezi wa tano mahindi yamevunwa, karanga zipo sokoni, hewa ni kavu. Hata mtoto mwenyewe ana afya.

Angalia ni wakati gani ananyonya kwa mazoea tu, bila njaa. Mara nyingi ni mchana, anakuona umekaa, anakuja. Anza na huo. Saa ile isikukute umekaa mahali unapomnyonyeshea. Mpe uji wake au tunda kabla hajakumbuka, kisha toka naye, nenda naye bustanini, mpe kikopo amwagie lenga-lenga maji. Vaa blauzi iliyofungwa mbele. Asipoomba usimpe. Akiomba mara moja, mzungushe. Akiomba kwa uchungu, mpe, na kesho ujaribu tena. Hakuna aliyeshindwa hapo. Acha wiki ipite, kifua chako kizoee na yeye azoee. Ndipo uondoe mara ya pili, labda ya alasiri. Kisha ya asubuhi. Ya kulala iache ya mwisho, kwa sababu ile si chakula, ni faraja, na faraja huondoka ikishapata mwenzake.

Itachukua mwezi. Inaweza kuchukua miwili, hata mitatu. Mtoto wangu wa mwisho alichukua kiangazi kizima, na usiku mmoja tu akalala bila kuomba, nikabaki macho mimi. Hakukuwa na pilipili, hakukuwa na treni, wala homa yangu. Yeye hakukonda.

Kifua kikijaa katikati ya safari hii, kamua kidogo, mpaka uone nafuu tu. Ukikamua mpaka mwisho, mwili utadhani umeongeza mtoto. Kitambaa chenye maji ya baridi husaidia. Usijikaze na kikwembe. Ukiona sehemu imekuwa ngumu na nyekundu na homa imekuja, usilale nayo, nenda kituo cha afya, na ziwa hilo hilo endelea kulitoa maziwa, maana kuyaacha ndani ndiko kunakoleta jipu. Hilo nililijua nimeshachelewa.

Na wewe kijana, baba wa mtoto, usinyanyuke kana kwamba haya ni maongezi ya wanawake. Usiku wa mwisho ni wako. Mtoto akiamka saa nane ya usiku akanusa maziwa ya mama yake, hatakubali kitu kingine. Akiamka kwenye kifua chako, atalia kidogo, utamtembeza nyumbani, utampa maji ya kuchemshwa kwa kikombe, utamwimbia ulichoimbiwa, atalala. Usiku wa kwanza mtachoka wote. Lakini anza mapema, akiwa bado ananyonya, ili mikono yako isiwe ngeni siku ile. Na usimsukume mama yake aachishe kwa sababu unataka mtoto mwingine. Shirika la Afya Duniani linashauri miaka miwili ipite tangu kuzaa kabla ya kutafuta mimba nyingine. Nendeni wawili kituoni mwulize uzazi wa mpango kabla titi halijaondoka, kwa maana kunyonyesha kunakozuia mimba ni kule kwa miezi sita ya kwanza, mtoto akinyonya titi pekee mchana na usiku na hedhi haijarudi. Baada ya hapo hakuna ulinzi wa kutegemea.

Mimba ikija huku unanyonyesha, usiogope kama mimi. Maziwa ya mwenye mimba si sumu. Yanaweza kupungua, ladha inaweza kubadilika, na mtoto mwenyewe anaweza kuacha. Mwanamke mwenye afya, anayekula vizuri, ambaye mimba yake haina tatizo, anaweza kuendelea. Mwulize anayekupima mimba. Ikibidi kuachisha, bado una miezi ya kufanya hivyo polepole.

Liko jingine ambalo wanawake huniambia kwa sauti ya chini, wakishaangalia mlango. Mwenye virusi vya ukimwi afanyeje? Zamani wengi waliambiwa waachishe mapema na kwa mara moja. Majirani zetu wa Zambia walilichunguza jambo hilo. Utafiti wa Lusaka uliotolewa mwaka 2008, uliofuata wanawake zaidi ya 900 wenye virusi, ulilinganisha waliokatisha ghafla mtoto akiwa na miezi minne na walioendelea kunyonyesha. Kukatisha hakukuongeza idadi ya watoto waliofika miaka miwili wakiwa hai na bila virusi. Na watoto waliokuwa wameshaambukizwa, kukatishwa kulizidisha vifo vyao. Leo mama anayemeza dawa zake kila siku bila kuruka anashauriwa anyonyeshe walau mwaka mmoja, na anaweza kufika miaka miwili, na akitaka kuacha aache taratibu kwa muda wa mwezi. Hata huko, mwanangu, hata penye hofu kubwa namna hiyo, waliona ghafla haifai. Kama wewe ni mmoja wao, usiache dawa, usiache titi kabla hujaongea na anayekupa dawa.

Wanaosoma Biblia wanajua kuwa Ibrahimu alifanya karamu kubwa siku Isaka alipoachishwa ziwa. Hana hakupanda kwenda Shilo mpaka Samweli ameachishwa, na mumewe alimkubalia abaki nyumbani. Nilisoma habari hizo miaka mingi bila kuziona. Ilikuwa siku ya furaha ya nyumba, na mume alingoja. Sisi tumeifanya siku ya kumdanganya mtoto kwa kinini na shubiri, na kumwambia titi limeliwa na paka. Pika kuku siku hiyo. Mwambie amekua. Mtoto wa miaka miwili anaelewa zaidi ya unavyofikiri, ukimwambia usoni kwamba maziwa yamekwisha na mama yupo.

Na mama awepo kweli. Wengi wakishaachisha, huona wamefunguliwa, wanamweka mtoto chini na kuondoka. Wiki zile ndizo za kumbeba zaidi. Alale karibu nawe, mwoge pamoja, mkono wake akiuweka kifuani mwache auweke. Hataki maziwa, anahakikisha tu kwamba hujaenda Luena.

Basi rudi Fungurume ukauze. Mnyonyeshe kabla ya kutoka, mnyonyeshe ukirudi, na uji wake uwe na ndagala. Mwezi wa tano wa mwaka ujao, akiwa mkubwa, tutaanza. Kabla hujaondoa hata mara moja, mpeleke kituoni siku ya kupima watoto, wampime uzito na wamzungushie ule utepe mkononi. Utepe ukiangukia kwenye nyekundu, chini ya sentimita 11.5, usiachishe chochote, apate matibabu kwanza. Wakikuambia yuko sawa, anza na titi la mchana. Na atakayekuletea pilipili, mrudishie.